KARATASI ZA DEPITE NI ZA NANI?

Depite mzee anapofariki, jamaa hukusanyika, na baada ya matanga mambo yake hupangwa. Ng'ombe walio kule juu Masisi wanahesabiwa. Parsele ya Goma inapata mwenyewe. Madeni yanatajwa, na kila anayedai anasikilizwa. Kuna kitu kimoja tu ambacho hakitajwi na mtu: lile sanduku la bati, au ile valizi ya zamani, au yale magunia mawili ya karatasi yaliyosimama nyuma ya mlango wa chumba chake. Ndani yake imelala kazi ya bunge ya miaka 20 au 30. Hakuna mjomba anayesimama katika kikao na kuuliza: na hizi karatasi, zinakwenda wapi?

Jibu mara nyingi linakuja lenyewe, bila kikao. Panya wanaanza, mvua inamaliza. Au karatasi zinauzwa kwa kilo, na mama wa sokoni anafungia karanga ndani ya barua iliyoandikwa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Au vita inaingia, watu wanakimbia na magodoro na sufuria, na sanduku linabaki. Au mtoto mmoja wa marehemu analifunga kwa kufuli na kusema: hii iko mambo ya familia.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanasema juu ya mali. Mimi nataka tuulize juu ya daftari lenyewe. Daftari la mtu aliyetumwa na watu kwenda kuwasemea Kinshasa, linapobaki bila yeye, ni la nani? Nani ana haki ya kulifungua, kulificha au kulichoma? Swali hili linawahusu wasomi wa historia, lakini kwetu huku Masisi na Walikale ni swali la haki kati ya watu, na linagusa mashamba, makaburi na majina yetu.

1. Ndani ya sanduku mna nini?

Tusianze na maneno makubwa. Tuangalie kwanza kitu chenyewe.

Karatasi za depite ni za namna nyingi. Ziko zile za bunge: miradi ya sheria, ripoti za komisyo, maswali aliyomwandikia waziri, hotuba alizozisoma na zile alizoziandika akakosa ruhusa ya kuzisoma. Ziko zake yeye mwenyewe: barua kwa mke wake, risiti za shule za watoto, karatasi za daktari. Lakini ukilipima sanduku kwa mikono yako, utaona kwamba sehemu kubwa haikuandikwa na yeye. Iliandikwa na watu wengine, kwake.

Walimu wa shule moja ya ndani wanaandika kwamba wamefundisha miaka mingi bila namba ya kulipwa na Leta. Wazee wa grupema wanalalamika kwamba konsesyo ya ng'ombe imepanda hadi kwenye mihogo yao. Mfugaji naye anaandika kwamba ana karatasi zote za shamba, na ng'ombe wake wamekatwa mishipa usiku. Vijana wa Walikale wanauliza ni lini barabara itafunguliwa, maana teritware yao ina kilometa za mraba zaidi ya 23,000, ni kubwa kuliko teritware nyingine zote za Kivu ya Kaskazini, na mgonjwa anabebwa kwenye tipoyi siku mbili. Mjane anaomba msaada wa kumtafuta mtoto aliyechukuliwa na watu wenye silaha. Chini ya barua kuna sahihi, na kwa wasiojua kuandika kuna alama ya kidole gumba yenye wino wa buluu.

Hiyo alama ya kidole ndiyo inanisumbua. Mwenye kidole alifikiri karatasi yake imefika mahali. Leo tunaamua kama iwe ya panya.

2. Wanaosema: ni mali ya familia

Wale wanaosema karatasi ni za familia wana hoja, na tusiwadharau.

Wanasema kwanza: Leta haikumupatia hata bati moja. Biro yake ilikuwa sebule ya nyumba yake. Karatasi alinunua, wino alinunua, karani alimlipa kwa mfuko wake. Wageni waliokuja na barua walikula kwenye sahani za mama yetu. Miaka yote ile sisi watoto tulimkosa baba kwa sababu ya hizi karatasi. Sasa amekufa, munataka mutunyanganye hata hizo?

Wanasema pili: baba yetu alikuwa mtu kama watu. Aliandika akiwa na hasira, aliandika akiwa na hofu. Kuna maneno aliyoyaandika wakati wa Mobutu ambayo leo yatamfanya aonekane kibaraka, na mengine aliyoyaandika wakati wa vita ambayo yatamfanya aonekane mchochezi. Mtu asiye na uwezo wa kujibu, kwa nini mumufungulie kinywa?

Wanasema tatu, na hii ndiyo hoja nzito: karatasi zinaua. Inchi hii tunaijua. Orodha ya majina ikianguka katika mkono mbaya, mwenye jina anaweza asione asubuhi. Aliyewahi kuishi Masisi tangu 1993 hahitaji kuelezewa.

Kwa hoja ya kwanza, jibu ni fupi. Ni kweli Leta haikuweka kitu, na deni hilo kwa familia ni la kweli. Shukrani ni haki yao. Lakini aliyenunua kikapu hajanunua maharagwe ambayo jirani ameyaweka humo yatunzwe. Hoja ya pili na ya tatu nitazirudia chini, maana zinahitaji jibu refu.

3. Mjumbe na jibu lake

Neno «depite» tumelipata kwa Kifaransa, lakini kazi yenyewe tulikuwa nayo kabla ya Wabelgiji. Ni kazi ya mjumbe. Wazee wanamchagua mtu mwenye ulimi na moyo, wanampa neno, anakwenda kwa mwami au kwa kabila jirani. Wote tunajua methali: mjumbe hauawi. Hata adui anamwacha apite, kwa sababu neno alilolibeba si lake.

Tunasahau upande wa pili wa desturi hiyo. Mjumbe analindwa kwa sababu neno si lake. Na kwa sababu hiyo hiyo, hawezi kulifanya lake. Akirudi, hakai nyumbani kwake akanyamaza. Anasimama mbele ya wazee na kusema: mulinituma hivi, nilisema hivi, walinijibu hivi. Mjumbe asiyerudisha jibu amebaki na deni, hata kama alisafiri vizuri na kusema vizuri. Na akifa njiani, walioitwa kupokea mzigo wake hawaurithi. Wanaufikisha.

Karatasi za depite ndizo jibu la mjumbe. Tulimtuma mwaka fulani tukimwambia: kasemee barabara, kasemee mashamba, kasemee watoto wetu. Alisema nini? Aliandikiwa nini na waziri? Alipiga kura gani siku ile? Kama hakuwahi kurudi barzani kutueleza, sanduku lake ndilo pekee linaloweza kurudi.

Angalieni pia jinsi wakubwa wetu walivyotunza vitu vya ubwami. Kwa Bahunde na Banyanga, kama kwa jirani zetu wa Kivu ya Kusini, vitu vitakatifu vya mwami vina wazee wao wa kuvilinda na kumvika mwami mpya. Mtoto wa mwami haamki asubuhi akachukua ngozi na taji la baba yake kama anavyochukua jembe lake. Wakubwa waliona mbali: walijua kwamba kitu cha watu wote kikilala kwenye nyumba moja tu, siku moja nyumba hiyo itasema ni chake. Nguo za baba ni za watoto. Vitu vya ubwami ni vya inchi, na mtoto anavikuta kwa walinzi.

Na kwa habari ya kutunza maneno, Walikale inao mfano ambao dunia nzima inaujua. Mwaka 1956, mzee Rureke, msimulizi wa Banyanga, alisimulia na kuimba habari za Mwindo kwa siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck na wasaidizi wake. Mmoja wa walioifanya kazi ile ni Kahombo Mateene, mtoto wa Banyanga, na jina lake liko kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1969. Kwa desturi yao msimulizi hakujiona mwenye mali. Ilikuwa ni kazi aliyopewa na pepo Karisi, na kuikataa kulikuwa na hatari yake. Kwa sababu mmoja alikubali kusema na wengine wakakubali kuandika na kutunza, mtoto wa Walikale aliyezaliwa kambini anaweza leo kujua kwamba babu zake walikuwa na neno. Sasa tujiulize: kama tulitunza maneno ya Mwindo aliyezaliwa akitembea, tutakosaje kutunza maneno ya mwalimu aliyedai mshahara?

4. Kila mmoja na nusu yake

Kuna sababu nyingine, na inauma zaidi. Ugomvi wetu mwingi ni ugomvi juu ya yaliyosemwa na kuandikwa.

Tukumbushane. Kuanzia 1937 hadi miaka ya 1950, serikali ya Wabelgiji iliwahamishia makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Masisi. Iliundwa sheferi ya Gishari, na mwaka 1957 ikafutwa. Tarehe 5 Januari 1972 ilitoka sheria iliyowapa uraia wa Zaire watu wa asili ya Rwanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Tarehe 29 Juni 1981 sheria nyingine iliifuta hiyo. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito, HCR-PT, lilipitisha azimio juu ya wakimbizi na wahamiaji, baada ya komisyo ya Vangu Mambweni kupita huku kwetu. Nalo liliwagusa hata wale ambao 1972 iliwaita raia. Tarehe 12 Novemba 2004 sheria ikabadilika tena. Kati ya tarehe hizo, mwaka 1993, damu ilimwagika kuanzia sokoni Ntoto, Walikale, ikaenea Masisi yote.

Tarehe hizi kila mtu anazijua. Kinachobishaniwa ni kilicho katikati yake. Nani aliomba sheria ile ya 1972, na kwa maneno gani? Nani alinyamaza siku ya 1981? Komisyo ya 1995 ilisikia nini kwa nani, na nani hakuitwa? Waulize Bahunde, watakupa habari. Waulize Bahutu na Batutsi, watakupa nyingine. Waulize Banyanga, watakupa ya tatu. Kila mitualite iko na sanduku lake, na ndani ya sanduku iko na karatasi zinazoipendeza. Watoto wanakua wakisoma nusu, na kila nusu inajiita historia.

Maneno hayo yalisemwa mbele ya watu waliotumwa na sisi: depite wa 1960, makomiseri wa watu wa wakati wa MPR, wajumbe wa Konferansi ya Taifa ya 1991 na 1992, depite wa 2006, 2011 na 2018. Walikuwa wa makabila tofauti, na walikaa katika komisyo moja, meza moja. Karatasi zao zikiwekwa mahali pamoja, nusu zinaanza kusomana. Barua ya mkulima na barua ya mfugaji juu ya kilima kimoja cha Masisi zikilala kwenye faili moja, msomaji atashindwa kusema kwamba mmoja tu ndiye aliyelia.

Tena tusisahau jambo moja. Kura ya Desemba 2023 haikufanyika Masisi, kwa sababu ya vita, kama haikufanyika Rutshuru na Kwamouth. Bunge likaanza kazi bila depite aliyechaguliwa na watu wa Masisi katika kura hiyo. Mahali ambapo sauti ilikosa kutumwa, karatasi za waliotumwa zamani zinakuwa na uzito zaidi, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba watu hawa walikuwa na madai yao, waliyaandika, na waliyatia sahihi.

Tukishindwa kutunza zetu, wengine watatuambia sisi ni nani kwa karatasi zao. Tayari ndivyo ilivyo. Mwenye kutaka kujua mipaka ya sheferi za Masisi wakati wa ukoloni anatafuta viza ya Ubelgiji, maana faili nyingi zilikwenda Brussels. Na hata huko hapakubaki yote. Mwaka 1908, Leopold II alipokuwa anaikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, aliamuru karatasi za Dola Huru la Kongo zichomwe, na moto wake uliwaka siku nane. Hatuhitaji profesa kutueleza kwa nini. Anayechoma karatasi anajua kilicho ndani.

5. Karatasi zenye aibu

Nirudi kwa hoja ya pili ya familia: aibu ya marehemu.

Tutoke kidogo nje tuone wengine wanafanyaje, maana tatizo hili si letu peke yetu. Marekani, tangu sheria ya 1978, karatasi za kazi za rais ni za taifa. Lakini za mbunge, kwa desturi yao, zimebaki mali yake mwenyewe; mwaka 2008 bunge lao lilipitisha azimio la kuwasihi tu wabunge wazitunze. Hata wao hawajamaliza swali.

Alikuwako huko seneta Robert Byrd wa West Virginia. Alikaa bungeni miaka 57, kuanzia 1953 hadi alipofariki mwaka 2010. Karatasi zake ziko katika kituo chenye jina lake kwenye chuo kikuu cha Shepherd. Huyu bwana, akiwa kijana, alikuwa katika Ku Klux Klan, kundi la kuwatesa watu weusi. Mwaka 1964 alisimama bungeni saa zaidi ya 14 akisema mfululizo ili kuzuia sheria ya haki zao. Baadaye alitubu mbele ya watu, akasema alikosea, akayarudia maneno hayo hadi uzee wake.

Sasa sikilizeni. Katikati ya miaka ya 1940 aliandika barua kwa seneta Bilbo wa Mississippi, akiapa kwamba hatapigana jeshini akiwa bega kwa bega na mtu mweusi. Barua ile ilikutwa katika karatasi za Bilbo. Yaani hata kama familia ya Byrd ingechoma kila kitu, aibu ilikuwa imelala salama kwenye sanduku la mtu mwingine. Barua ina nyumba mbili: ya aliyeandika na ya aliyepokea. Anayechoma kwake hajachoma kwa jirani.

Na kuna faida ambayo familia haioni. Toba ya mtu inapimwa kwa kosa lake. Kama ile barua isingekuwapo, toba ya Byrd ingekuwa maneno matamu ya mzee. Kwa kuwa ipo, tunaweza kuona alitoka wapi hadi wapi. Mtoto anayemsafisha baba yake kwa moto anamwibia pia nafasi ya kuonekana alibadilika. Na kama hakubadilika? Basi ukweli huo ni haki ya waliomtuma. Heshima kwa mzazi inatudai tumzike vizuri, tulipe madeni yake, tusimtukane. Haitudai tuseme uongo kwa niaba yake.

6. Karatasi zenye damu

Hoja ya tatu siwezi kuijibu kwa methali. Karatasi zinaweza kuua. Mtu aliyemwandikia depite wake mwaka 2008 akimtaja kamanda fulani anaweza kuwa hai, na kamanda anaweza kuwa hai, na wanaweza kuwa wanaishi kijiji kimoja. Anayefungua sanduku hilo barzani akisema «watu wana haki ya kujua» amemtoa yule mwandishi kwa mwuaji wake. Hilo ni kosa kubwa kuliko la panya.

Lakini tuangalie: hoja hii inatuambia wakati wa kufungua. Haituambii kuchoma. Kuna tofauti kati ya siri na kupotea. Siri inalindwa, na siku yake inafika. Kilichopotea hakina siku. Arshivi za inchi nyingi zinafanya hivyo: karatasi zinapokelewa, zinaorodheshwa, na zile zenye hatari zinafungwa kwa miaka 30, 50 au zaidi, hadi waliotajwa wawe wamelala. Kwetu pia mzee wa barza anajua mambo asiyoyasema mbele ya vijana. Anayatunza hadi siku ya kuyahitaji. Hakuna aliyewahi kumwambia: kwa kuwa unajua siri, ukatwe kichwa.

Tena mwenye kuogopa kwa haki atambue kwamba karatasi zilizoachwa bila mlinzi ndizo hatari zaidi. Sanduku lililoachwa katika nyumba iliyokimbiwa linasomwa na anayeingia wa kwanza, na mara nyingi anayeingia wa kwanza ana bunduki.

7. Basi tufanye nini?

Sheria juu ya arshivi tunayo tangu tarehe 11 Julai 1978. Lakini kati ya sheria ya Kinshasa na sanduku lililo nyuma ya mlango Walikale kuna njia ndefu, na anayeingoja Leta ifike atakuta mchwa wamefika kwanza. Hata palipo na nyumba ya arshivi, uaminifu unahitajika. Kenya inatufundisha pande zote mbili. Joseph Murumbi, mbunge na waziri aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, alikusanya maisha yake yote vitabu, karatasi na kazi za sanaa za Afrika, akakubali zibaki katika inchi yake. Leo watu wanaziona katika Arshivi ya Taifa ya Nairobi. Lakini nyumba yake ya Muthaiga, iliyokusudiwa kuwa chuo cha mafunzo ya Afrika, ilibomolewa. Ahadi moja ilitimizwa, nyingine ilivunjwa. Kwa hiyo anayetoa karatasi lazima aandike masharti, na anayepokea lazima atie sahihi.

Napendekeza mambo manne.

Kwanza, depite mwenyewe aamue angali hai. Atenganishe barua za mke wake na barua za watu. Aandike karatasi moja, mbele ya mashahidi, akisema: hizi ni za watoto wangu, hizi ni za walionituma, hizi zisifunguliwe kabla ya mwaka fulani. Anayeomba kura yetu tunaweza kumuuliza hilo siku ya kampanye, pamoja na habari ya barabara.

Pili, familia ipewe heshima yake. Iitwe, ishukuriwe, iulizwe. Jina la baba liandikwe juu ya faili. Lakini kazi yake iwe ya mlinzi, na mlinzi haguguni alichopewa kulinda.

Tatu, karatasi zisilale kwa kabila moja. Parokia, misheni ya Waprotestanti, chuo kikuu: hizo ni nyumba ambazo watoto wa makabila yote wanaingia. Kamati ya kuzitunza iwe na Mhunde, Mnyanga, Mhutu, Mtutsi, Mtembo, Mkano na Mkumu, na kila mmoja awe na ufunguo usiofungua bila ufunguo wa wengine. Hapo ndipo nusu zitakutana.

Nne, ziwe mahali zaidi ya pamoja. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kumeza biro na maduka. Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na Machi ya mwaka huo huo M23 waliingia hadi Walikale-kati, kabla ya kuondoka huko. Anayetunza kitu katika inchi hii asikiweke chini ya bati moja. Leo kijana mwenye simu anaweza kupiga foto barua mia tatu kwa siku moja. Nakala moja ikakaa Goma, nyingine Bukavu au Kisangani, nyingine Kinshasa. Na yule kijana aapishwe kwanza, maana simu nayo ina mdomo.

Ndugu msomaji, wako watakaosema: watu wanakufa kwa njaa na risasi, wewe unatuletea habari za makaratasi. Nawaelewa. Lakini wakimbizi wa Masisi, siku watakaporudi, watakuta mtu shambani mwao. Yule mtu atasema hapa ni kwangu tangu zamani. Na mkimbizi atasema: hapana, baba yangu alimwandikia depite juu ya shamba hili, na wazee wanne walitia vidole. Jaji, au mzee wa barza, atauliza: barua iko wapi? Siku hiyo hatutakuwa na wakati wa kujadiliana kama karatasi ni za familia au za watu. Aidha itakuwapo, aidha haitakuwapo. Kwa hiyo yeyote kati yetu aliye na sanduku la namna hiyo nyumbani, baba yake akiwa hai au amekwisha kulala, alitoe kwanza kwenye udongo wenye maji, aliinue juu ya mbao, na awaite wazee wazungumze juu yake.